Mgonjwa Hana Adui: Funzo la Wodi ya Mulago

Mwezi Julai mwaka 1976, bibi mmoja aliyekwisha kuvuka umri wa miaka sabini alitolewa kwa nguvu kitandani mwake katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, akaenda kuuawa. Jina lake lilikuwa Dora Bloch. Alikuwa amelazwa kwa sababu chakula kilimkwama kooni, tatizo ambalo tabibu yeyote hulishughulikia bila kumwuliza mtu dini wala taifa lake. Hakushika silaha, hakuwa na cheo, hakushiriki njama yoyote. Alikuwa Myahudi mwenye uraia wa Israeli na wa Uingereza, na usiku uliotangulia wanajeshi wa Israeli walikuwa wamemfedhehesha mtawala wa Uganda, Idi Amin. Mtawala alitaka kisasi, na aliyekuwa karibu na mkono wake alikuwa mgonjwa.

Huenda msomaji wa Chunyu, au wa popote katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, akauliza habari hii inamhusu nini. Wayahudi hawako kijijini kwake, Amin amekwisha kufa, na zahanati yake ina matatizo yake: dawa zinazochelewa, barabara zinazokatika masika, watumishi wasiotosha. Jibu ni kwamba mateso ya kundi la watu hayakamiliki bila wodi, daftari na cheti. Mtesaji huhitaji mtu wa kumtambulisha anayetakiwa, mtu wa kuandika kwamba ameondoka, na mtu wa kutia saini kwamba amekufa kwa sababu nyingine. Mara nyingi mtu huyo ni mtumishi wa afya. Kwa hiyo habari ya Mulago ni habari ya taaluma hii popote inapofanyiwa kazi, na funzo lake ni moja: mtumishi wa afya ajifunze kukataa mapema, wakati kukataa kungali rahisi.

Yaliyotokea Entebbe na Mulago

Tarehe 27 Juni 1976, ndege ya Air France iliyokuwa safarini kutoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens. Walioiteka walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ndege ikapelekwa Benghazi, kisha Entebbe, ambako serikali ya Amin iliwapokea watekaji na kuwasaidia. Huko abiria walitengwa. Waliokuwa na hati za Israeli, pamoja na wachache wengine, waliwekwa chumba cha peke yao; wengi wa waliosalia wakaachiliwa. Miongoni mwa waliotengwa alikuwamo mtu aliyenusurika katika kambi za Wanazi, na namba aliyochanjwa huko ilikuwa ingali mkononi mwake. Kwake yeye, kumsikia Mjerumani mwenye bunduki akiita majina na kuwagawa watu hakukuwa jambo geni.

Dora Bloch alikuwa mmoja wa mateka hao. Alipokwamwa na chakula alipelekwa Mulago, hospitali ya rufaa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki nzima, mahali madaktari wa Makerere walikofunzwa. Alitibiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe na kuwaokoa mateka zaidi ya mia moja. Bibi huyu akabaki wodini. Siku hiyohiyo afisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona hospitalini akiwa hai. Aliporudi baadaye hakuruhusiwa kumwona, wala hakumwona tena.

Tunayajua yaliyofuata hasa kwa sababu ya mtu mmoja, Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Uganda wakati huo. Mwaka 1977 alikimbilia uhamishoni na kuandika kitabu, A State of Blood, alichoeleza ndani yake jinsi watu wa usalama wa Amin walivyoingia wodini na kumburuta mgonjwa huyo, huku watumishi na wagonjwa wengine wakitazama. Serikali ilitangaza kwamba Bi. Bloch alikuwa amekwisha kurudishwa uwanjani kabla ya uvamizi. Kwa mujibu wa Kyemba, kumbukumbu za hospitali nazo zililazimishwa kuafikiana na uongo huo. Uingereza ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda mwezi huohuo. Mabaki ya marehemu yalipatikana mwaka 1979, katika eneo la mashamba ya miwa nje ya Kampala, baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kumwondoa Amin madarakani. Yakachukuliwa, yakazikwa Jerusalem.

Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mgogoro wa Israeli na Wapalestina. Makala haya hayamwombi ayabadili. Kanuni iliyovunjwa Mulago ndiyo hiyohiyo inayomlinda Mpalestina aliyelazwa katika hospitali yoyote duniani, na ndiyo inayomlinda askari wa adui aliyejeruhiwa. Haichagui upande, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Chuki ilikuwa imetayarishwa

Amin hakuamka siku moja akaamua kumwua mgonjwa. Aliponyakua madaraka mwaka 1971 alikuwa rafiki wa Israeli. Mwaka 1972 aligeuka na kuwafukuza Waisraeli nchini, na Septemba mwaka huo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni sita. Kauli ya namna hiyo ikitoka kinywani mwa mkuu wa nchi, watu husema ni maneno tu. Lakini maneno hayo yaliwaambia askari na makarani ni nani asiyekuwa na mtetezi.

Waganda wenyewe walikuwamo katika hesabu hiyo. Karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa nchi, inaishi jamii ya Abayudaya, Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu, mtawala mashuhuri wa eneo hilo, alipoifuata mwaka 1919. Hawakuwa wageni, na hawakuwa na dola yoyote nyuma yao. Hata hivyo Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, sala zikasaliwa kwa siri, na wengi wakahamia dini nyingine ili waishi kwa amani. Jamii iliyokadiriwa kuwa na watu kama 3,000 ilipungua hadi mamia machache. Utawala wa Amin ulianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo uliyoanza mwaka huo sikukuu ya Pasaka ya Kiyahudi, inayoadhimisha kukombolewa kutoka utumwani. Abayudaya hawajaisahau tarehe hiyo, na Mtanzania ana haki ya kuikumbuka pamoja nao.

Wala haifai kudhani kwamba Wayahudi peke yao ndio waliolengwa. Wahanga wengi mno wa Amin walikuwa Waganda wa kawaida, hasa Waacholi na Walangi. Watu wenye asili ya Asia, miongoni mwao madaktari na wafamasia, walipewa siku tisini kuondoka mwaka 1972. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, asionekane tena. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba walikufa kwa ajali ya gari. Kyemba aliandika kwamba miili yao ilipofikishwa katika chumba cha maiti cha Mulago ilikuwa na matundu ya risasi. Hapo tena, tofauti kati ya ukweli na uongo ilikuwa mikononi mwa wanaoshika mwili na kuandika cheti. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako zitie maji. Nchini Uganda wembe ulianza kwa wachache na haukuishia kwao.

Wino ulitangulia gesi

Ili kuona jinsi taaluma ya tiba inavyoweza kutekwa bila mlango kuvunjwa, inafaa kuitazama nchi ambayo Amin aliisifu. Hitler aliingia madarakani Januari 1933. Miezi michache tu baadaye, madaktari wa Kiyahudi walianza kuondolewa katika mifuko ya bima ya afya, kwa hiyo wagonjwa wao wakapungua na kipato chao kikakatika. Wenzao walifanya nini? Wachache walipinga. Wengi walinyamaza, na wengine walizikalia nafasi zilizoachwa wazi. Karibu nusu ya madaktari wa Ujerumani walijiunga na chama cha Nazi, kiwango kikubwa kuliko katika taaluma nyingine nyingi. Mwaka 1938 madaktari wa Kiyahudi walifutiwa leseni. Waliobakizwa waliruhusiwa kuwahudumia Wayahudi wenzao tu, na hata jina la daktari walinyang'anywa, wakaitwa watibu wagonjwa.

Kuanzia mwaka 1939 ulikuja mpango wa kuwaua wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu. Fomu zilipelekwa hospitalini zikajazwa. Madaktari waliokaa mbali, wasiomwona mgonjwa hata mara moja, walitia alama ya kujumlisha kwa anayepaswa kufa na ya kutoa kwa anayepaswa kuishi. Ndugu walipelekewa vyeti vilivyoandikwa kwamba jamaa yao amekufa kwa nimonia au maradhi mengine. Kufikia Agosti 1941 watu kama 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi chini ya mpango huo. Kisha watumishi na ujuzi wao vikahamishiwa kwenye kambi za kuwaangamiza Wayahudi. Mkuu wa kwanza wa kambi ya Treblinka, Irmfried Eberl, alikuwa daktari wa tiba. Hadi vita vinakwisha, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa.

Baada ya vita, watu 23, wengi wao madaktari, walishtakiwa Nuremberg kwa mauaji na kwa majaribio ya kikatili juu ya wafungwa. Hukumu ilitolewa Agosti 1947. 16 walipatikana na hatia na 7 wakanyongwa. Kutoka katika hukumu hiyo ulizaliwa mwongozo unaoanza na sharti la ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti. Mwaka uliofuata Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Tamko la Geneva, linalomtaka daktari asiruhusu dini, taifa, rangi wala siasa kuingia kati yake na mgonjwa wake. Kila mara mgonjwa wa Lindi au Mtwara anapoombwa ridhaa kabla ya kushirikishwa katika utafiti, anafaidi haki iliyolipiwa kwa damu ya watu hao.

Je, muuguzi angefanya nini?

Hoja inayotolewa mara nyingi ni hii: muuguzi wa zamu angewezaje kuwazuia watu wenye bastola? Hoja hiyo ni ya haki na haifai kujibiwa kwa maneno ya ushujaa. Hakuna anayeweza kumtaka muuguzi afe mlangoni mwa wodi, na anayewahukumu wauguzi wa Mulago akiwa mbali na risasi anajipa heshima asiyoistahili. Hata waziri mwenyewe hakuweza kuzuia.

Lakini bunduki huja mwisho. Kabla yake hupita miaka ya mambo madogo ambayo kuyakataa hakugharimu uhai. Daktari wa Ujerumani wa mwaka 1933 aliyekataa kuichukua kazi ya mwenzake aliyefukuzwa asingepigwa risasi kwa sababu hiyo. Mtu wa kumkemea mfanyakazi mwenzake anayemtukana mgonjwa kwa kabila lake hahitaji ujasiri wa askari. Kila jambo dogo lililoachwa lipite humzoesha mtumishi kuona kwamba kuna wagonjwa wa daraja la chini, na siku ya jambo kubwa inapofika humkuta amekwisha kuzoea.

Na hata bunduki ikishafika, inabaki kazi moja isiyoweza kufanywa na mwingine: kuulinda ukweli. Utawala wa Amin uliyahitaji maandishi ya hospitali ili uongo wake usimame. Kyemba, aliyekuwa amezungukwa na uongo huo, alihifadhi aliyoyajua hadi alipoweza kuyasema. Kumbukumbu hiyo haikumrudishia Dora Bloch uhai wake, lakini iliwanyima wauaji neno la mwisho.

Nachingwea na Ruangwa zinaifahamu habari hii

Watu wa kusini mwa Tanzania si wageni wa mambo haya. Katika miaka ya 1960 na 1970, maelfu ya watu wa Msumbiji walivuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya ukoloni wa Kireno. Walipokelewa Rutamba, mkoani Lindi, na Matekwe, wilayani Nachingwea. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea. Wenyeji waligawana na wageni hao ardhi, maji na huduma za tiba. Huo ni urithi wa kujivunia, nao unapaswa kufundishwa kwa watumishi vijana wanaopangiwa kazi huku.

Urithi huo una upande wa pili. Mwaka 1975, katika kambi hiyohiyo ya Nachingwea, viongozi wa FRELIMO waliwatoa hadharani wapinzani wao. Mmoja wao, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisomeshwa maungamo mbele ya umati. Yeye na wenzake kadhaa baadaye waliuawa huko Msumbiji bila ya kufikishwa mahakamani. Walioteswa jana walitesa leo, katika ardhi iliyokuwa imewahifadhi. Hakuna taifa, dini wala chama kilichochanjwa dhidi ya ugonjwa huu.

Dalili zake ndogo zinaweza kuonekana hata katika zahanati tulivu. Tangu mwaka 2017, vita vya Cabo Delgado vimewasukuma tena watu kuuvuka Ruvuma, na baadhi yao hawana karatasi yoyote mkononi. Mama mjamzito wa namna hiyo akifika usiku, swali la kwanza ni uchungu ulianza saa ngapi. Swali la hati lina ofisi yake na saa zake. Mzee anayesingiziwa uchawi akiletwa na majeraha, atibiwe kwanza, na fomu ya PF3 iandikwe yale ambayo macho ya mtabibu yameyaona, hata kama waliompiga ni watu wanaoheshimika kijijini. Mtu mwenye ualbino asihamishwe kitanda kwa sababu jirani yake amelalamika. Mfungwa aliyeletwa na pingu ana haki ya kumweleza daktari maumivu yake bila ya kila neno kusikika kwa aliyemkamata. Na mtu yeyote, mwenye cheo au asiye nacho, akiomba jalada la mgonjwa au akitaka sababu ya kifo ibadilishwe, aambiwe alete ombi lake kwa maandishi, na mganga mfawidhi ajulishwe. Karatasi huwaogopesha wengi ambao maneno hayawaogopeshi.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Mgonjwa aulize anachochomwa na anachotakiwa kukitilia saini. Asiombe kutengwa na mwenzake kwa sababu ya dini, kabila au nchi alikotoka, kwa maana kesho aliyetengwa anaweza kuwa yeye. Ndugu wanaomwuguza mgonjwa wakiona mtu anadhalilishwa kitanda cha pili, waseme. Kimya cha wodi nzima ndicho kinachompa mdhalilishaji nafasi.

Huko Mbale, Abayudaya waliosalia baada ya Amin walizirudia sala zao, na mwaka 2010 walifungua kituo cha afya kinachoitwa Tobin. Kinawahudumia Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wakiwamo majirani ambao wazazi wao waliishi chini ya amri ileile iliyoyafunga masinagogi. Watu waliowahi kuhesabiwa kuwa maadui wa dola walijenga mahali ambapo mgonjwa hahesabiwi kuwa adui wa mtu.

Vitabu vya MTUHA vilivyopo katika kila zahanati vina nafasi ya jina la mgonjwa, umri wake, kijiji chake na ugonjwa wake. Hayo yanatosha kuanza kumtibu mtu. Siku itakapotokea sauti, hata iwe ya upole, ikitaka mtumishi aongeze habari ya upande ambao mgonjwa anatoka, au afute mstari wa aliyekuwapo jana, mtumishi huyo atakuwa amefikiwa na jambo lilelile lililowafikia watu wa Mulago. Afadhali awe ameamua jibu lake mapema.